Ukuta wa chuma uliojazwa udongo na kupandwa mimea, unazuia kelele kweli?

Ummu Fuoni:
Assalam alaykum jamani, naomba fikra zenu. Chuo chetu cha Qur-ani kipo ukingoni kabisa mwa barabara huku Fuoni, malori ya kifusi na mchanga hayaishi toka asubuhi, ustadhi akisomesha watoto wa safu ya nyuma wanamtazama mdomo tu hawasikii kitu. Kamati inataka ukuta wa matofali, lakini mtoto wa dada yangu anakaa Ujerumani katutumia picha za kuta za nyavu za chuma zilizojazwa udongo halafu zimepandwa mpaka chuma hakionekani, anasema huko zinawekwa kando ya barabara kubwa na reli. Huku kwetu itawezekana? Na zinazuia kweli au urembo tu? Baina ya darasa na barabara tuna mita nne hivi.

Mhandisi wa Mwera:
Waalaykum salaam Bi. Zinazuia sana, ila kinachozuia ni udongo, si majani. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioshindiliwa ina tani moja na nusu na zaidi, sauti haipenyi pale, inabaki kupanda juu na kuzunguka pembeni. Kwa hiyo kaa pale anapokaa mtoto utazame barabarani, ukiiona injini ya lori basi ukuta ni mfupi. Ukiuinua hadi lori lisionekane tu kelele inashuka kama desibeli 5 (ndicho kipimo cha sauti), halafu kila mita ya kuongeza inaishusha moja na nusu hivi, na sikio linahisi kelele imepungua nusu zikishuka kama 10. Ncha nazo: ukuta ukiishia sawa na darasa kelele inaingia ubavuni, upitisheni mbele au muukunje uingie kiwanjani, na geti lisikae mkabala na madirisha. Nikwambie ukweli, kwa watoto wenu matofali ya kimo hicho hicho yaliyopigwa plasta bila tundu yatafanya karibu kazi ile ile na hayali nafasi. Anayeumia ni jirani wa ng'ambo, matofali yanamrudishia yeye kelele, udongo na mimea vinainyonya kiasi.

Fundi Chake:
Miye upande wa chuma maana ndo kazi yangu. Msinunue BRC, ile nyavu ya chuma ya kumwagia zege, mkadhani ndo hiyo, ile nyeusi haina kinga, na chumvi ya hewa yetu pamoja na udongo mbichi kwa ndani italika upesi mno. Inatakiwa iliyochovywa zinki, na ikishachovywa usiiguse tena kwa kuchomea, moto unaunguza zinki pale kwenye kiungo, utaona unga mweupe umeganda, masika ya kwanza tu michirizi ya kutu inashuka toka kila kiungo. Funga kwa waya wa zinki. Ndani tandika kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji, kishike udongo, magunia ya plastiki hapana, jua linayamaliza. Na mchanga wa pwani msithubutu, chumvi yake inakula chuma na kuua mimea. Udongo mwageni tabaka tabaka, sentimita 20 hadi 30, mshindilie, ndo tabaka jengine, mkimwaga wote kwa mara moja utashuka na juu pabaki uwazi.

Bustani Kizimbani:
Ila karibu na uso msishindilie sana Fundi, mizizi itakosa pa kupita. Ukuta huo unapigwa na jua pande zote na unakauka haraka, Januari na Februari na ule upepo wa kaskazi ndo unaoua. Mpira wa kumwagilia kwa matone ulazwe ndani wakati mnajaza, si baadaye. Udongo wa kinongo mchanganye na samadi iliyooza, mpande masika yakianza. Mlakasa unatambaa na hauogopi chumvi, nyasi za vetiva zinashika udongo. Mchongoma hapana, watoto watachomwa. Mvinje juu yake msipande, ukikua upepo utautikisa na udongo wote ufunguke.

Ummu Fuoni:
Allah awalipeni. Ng'ambo yetu kuna mama ana kitoto kichanga, tumsukumie yeye kelele yetu wallahi sioni kama ni haki. Nitaisimamia kwenye kamati iwe udongo, hata kama tutajenga kidogo kidogo.

Mhandisi wa Mwera:
Kidogo kidogo sawa, lakini pengo likibaki kelele inapita hapo hapo, anzeni mbele ya darasa. Na kwanza kaulizeni hifadhi ya barabara inaishia wapi, hizo mita nne huenda nyengine si zenu, na ukuta huu chini unataka karibu mita nzima. Mtaro wa maji msiuzibe, wekeni bomba chini ya msingi, mvua za masika zikikosa njia zitaingia darasani.