Port Bell, Kisumu, Mwanza kwa boti ya matanga ya binafsi: karatasi zinaendaje?

tanga_la_kaazi

Habari zenu wakubwa. Niko na boti ya matanga, si kubwa, inalala Kaazi hapa Ziwa Victoria, na miaka yote tumekuwa tunazunguka tu visiwa vya Ssese na kurudi. Sasa Desemba tunataka kwenda Kisumu, tukae kidogo, halafu tushuke Mwanza, ndo turudi Port Bell. Tutakuwa mimi, bibi yangu, shemeji ambaye ana ID ya Uganda tu (pasi aliiacha ikaisha), na rafiki yetu Mjerumani aliyekuja kutembea na ile viza ya East Africa.

Nimeuliza maofisini, mmoja ananiambia boti ya starehe haina mambo mengi unaenda tu, mwingine ananiambia nitafute ejenti kama mtu wa meli ya mizigo. Mambo ya upepo nayajua, sitaki somo la upepo. Nataka mtu anieleze naanzia ofisi gani, nabeba nini, na je naweza kulala kwenye mwalo wowote (ufukwe wa wavuvi) upande wa Kenya halafu asubuhi ndo niingie Kisumu?

mukene_fresh

Ssebo beba kreti ya soda na noti za elfu hamsini, hakuna karatasi inashinda hiyo 😂😂

kamba_na_nanga

Huyo wa soda msimsikilize.

Mimi nilifanya kazi kwenye yoti za wazungu Kilifi na Mombasa kabla sijarudi Jinja, na mwendo wa karatasi ni ule ule hata kama huku ni maji baridi. Kitu cha kwanza ni klarensi ya kutoka, yaani karatasi ya bandari kwamba umeruhusiwa kuondoka. Watu wanafikiri kazi iko kule unakofika, hapana, iko kule unakotoka. Afisa wa Kisumu swali lake la kwanza ni umetoka bandari gani na karatasi yao iko wapi, ukikosa hiyo hata pasi zenu ziwe safi namna gani wewe kwake umeibuka tu majini kama kiboko. Kwa hiyo anzia Port Bell, URA (mamlaka ya mapato) upande wa forodha waandike boti inatoka na inarudi, halafu imigresheni wagonge pasi za wote. Na fanya hiyo siku ile ile ya kuondoka, si wiki nzima kabla, maana ukishagongwa muhuri wa kutoka halafu ukarudi Kaazi kungoja hali ya hewa, wewe kisheria haupo Uganda na bado unakula rolex (chapati ya mayai) hapo hapo.

Karatasi za boti: usajili wa idara ya usafiri wa majini pale Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, tangu ile sheria ya usafiri wa majini ya 2021 huko hakuna kona tena, halafu bima, halafu risiti ya injini. Hiyo risiti usiidharau. Ziwa hili mashine zinaibwa sana na polisi wa majini wa nchi zote tatu wanajua, kwa hiyo wanainama kabisa, wanafuta matope na kidole, wanasoma namba kwenye kile kibati cha bano la injini na kulinganisha na karatasi yako tarakimu moja moja. Kama kibati kimekwaruzika piga picha sasa hivi uwapelekee waliokuuzia wakuandikie barua, usingoje kuanza kueleza uko kwa watu.

Orodha ya kru (watu wote wa boti) andika majina kama yalivyo kwenye pasi, siyo unavyowaita nyumbani, weka namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa, uraia na kazi ya mtu kwenye boti. Nahodha mmoja, wengine kru. Kama hakuna aliyelipa nauli usiandike abiria, ukiandika abiria unaulizwa leseni ya kubeba abiria, na tangu ile boti ya starehe MV Templar izame Novemba 2018 huku kwetu hakuna mtu ana mchezo na boti ya starehe yenye abiria. Chapisha nakala nyingi, kila ofisi inataka ya kwake na fotokopi ya bandarini ukiihitaji ndo siku haina wino. Na chonga muhuri wa boti. Si lazima, lakini karatasi yenye muhuri inasogea haraka mezani kuliko karatasi yenye sahihi tu, sijui kwa nini. Nasser Road pale Kampala wanakuchongea ukingoja. Mwambie fundi wa jina la boti na namba ya usajili, asije akakuchongea wa wizara.

Fomu nyingi ni za meli za mizigo kwa hiyo utakuta maswali ya tani ngapi, mzigo wa nani, unashushwa wapi. Usiache wazi, andika NIL kila mstari. Ukiacha wazi afisa anaona hujamaliza na unarudishwa mwisho wa foleni.

Kulala mwaloni: HAPANA. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka chombo kinachotoka nje kifikie bandari iliyotangazwa. Mbita kabla ya Kisumu ni pazuri sana najua, pita tu. Ikiwa ni dhoruba hiyo ni habari nyingine, ingia popote uokoe watu halafu uripoti haraka kwa forodha au serikali ya mahali hapo kabla wao hawajakufuata. Na ukifika Kisumu pandisha bendera ya manjano, ile ya kuomba ruhusa ya kuingia, nahodha peke yake ashuke na mfuko wa karatasi, wengine wakae ndani mpaka mmalize. Hata kama shemeji anataka kukojoa.

nyanza_dada

Mimi mtu wa Mwanza nimeolewa Entebbe, acha niongeze ya kwetu.

Shemeji wako atengeneze pasi mpya. ID ya Uganda inamvusha Kenya sawa, hiyo ipo tangu 2014, lakini Tanzania haiko kwenye mpango ule, uhamiaji Mwanza watataka pasi au ile hati ya muda ya kusafiria. Asianze kubishana nao habari za Jumuiya pale dirishani, atachelewesha wote. Na kadi ya homa ya manjano kwa kila mtu, wewe unatoka Uganda kwa hiyo hiyo haikwepeki. Kama mlichanja zamani haina shida, tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha, ila muwe na kadi yenyewe mkononi, picha kwenye simu usiitegemee.

Malipo ya kwetu ni kwa kontro namba. Hakuna kumpa mtu pesa dirishani. Anakutolea namba, unalipa kwa simu au benki, unarudi na risiti. Sasa laini ya Uganda hapo itakuangusha, kwa hiyo nunua laini ya Tanzania au uwe na ndugu mjini wa kukulipia, mimi watu wananipigia kila mara nilipe nitarudishiwa, wengine mpaka leo nangoja. Kisumu ni eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, paybill 222222, hapo nako laini ya Safaricom inakusaidia. Na ukifika Ijumaa jioni ujue unaweza kukaa mpaka Jumatatu.

Jambo lingine ambalo watu wa Uganda mnasahau: BUVEERA, mifuko ya plastiki. Angalieni jikoni kwenye boti. Nyanya kwenye kaveera, mkate kwenye kaveera, nguo chafu kwenye kaveera. Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na hao wanaokuja kukagua boti wanafungua makabati. Mnapakia vizuri karatasi zote halafu mnakwama kwa sababu ya mfuko wa vitunguu jamani.

tanga_la_kaazi

Webale nyo wote. Buveera sikufikiria kabisa, bibi amecheka. Shemeji amepewa wiki hii aende kuomba pasi la sivyo anabaki.

Mjerumani je? Na mpangilio, ni sawa kwenda Kisumu kwanza?

kamba_na_nanga

Huyo ndo atakusumbua kuliko boti. Viza ya East Africa ni Uganda, Kenya na Rwanda tu, Tanzania haimo. Ndani ya zile tatu anaingia na kutoka, lakini akishatoka nje ya hizo tatu imekufa. Kwa hiyo Kisumu kwanza ndo sawa, viza bado inafanya kazi. Mkishuka Mwanza anahitaji ya Tanzania, Mjerumani ni dola 50, aombe mtandaoni mapema. Kurudi Port Bell kutoka Mwanza anakuwa mgeni mpya, anahitaji viza nyingine ya Uganda, aombe kabla hamjaondoka. Au apande basi Kisumu mkamalize bila yeye 😅

mzee_wa_mitumbwi

Nyinyi vijana mmeongea vizuri lakini hakuna aliyetaja nyavu. Msibebe wavu hata wa kuchezea. Mkikutwa katikati ya ziwa mna wavu na sangara kwenye ndoo, nyinyi ni wavuvi mmevuka mpaka, na wale askari wa kulinda samaki wa kwetu na wa kwao hawana muda wa kusikia habari ya starehe. Ndoano mbili za kitoweo sawa.

Mkitoka Kisumu kwenda Mwanza msijipitishe karibu na kisiwa cha Migingo ati mpige picha. Kile kijiwe hakifiki hata ekari moja lakini Uganda na Kenya wanakigombania na kuna polisi pale, na boti yenye bendera ya Uganda inayotoka Kenya kwenda Tanzania itaulizwa maswali ambayo karatasi zenu hazina majibu. Piteni mbali.

Ejenti: kwa Kisumu na Mwanza mimi ningemchukua wa mara ya kwanza tu, akutembeze dirisha kwa dirisha uone. Mkubaliane bei kabla, na risiti za serikali akukabidhi zote. Niliwahi kumtumia mmoja, bandari siitaji, kila saa "mkubwa kuna ada nyingine", nikamwambia lete risiti, zile ada zikaisha siku ile ile.

mukene_fresh

Kale nimekubali, soda nakunywa mwenyewe. Lakini swali la kweli, hiyo bendera ya manjano inauzwa wapi Kampala?

nyanza_dada

Haihitaji duka. Kitambaa cha manjano kisicho na mchoro wowote, fundi yeyote pale soko la Owino anakupindia kingo na kutia tundu mbili za kamba. Hapo hapo ashone na ya Kenya na ya Tanzania, mkishapita uhamiaji mnashusha ya manjano mnapandisha ya wenyeji, upande wa kulia wa mlingoti. Ila muonyesheni picha ya ya Tanzania, ile mistari ya njano inalala pembeni ya weusi pande zote mbili, na weusi unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Nimeziona zimeshonwa kinyume.

tanga_la_kaazi

Sawa dada, naenda Owino Jumamosi. Mzee wa mitumbwi nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu ejenti wa Kisumu.