New Orleans kwa kampa: tulale mjini, ng'ambo ya mto au ng'ambo ya ziwa?

Mama Watatu
Habari zenu ndugu. Mwishoni mwa Machi tutaondoka Houston kwa kampa, yaani gari la kulalia safarini, kuelekea Florida, na baada ya takriban kilomita 560 za kwanza tunataka kulala New Orleans siku tatu. Tuko sita: sisi wazazi, watoto watatu ambao mdogo wao ana miaka minne, na mama mkwe wangu, anayetembea kwa mkongojo. Nimebakiwa na machaguo matatu, nayo ni kambi ya binafsi iliyo pembeni mwa French Quarter, mtaa wa kale wa mji, hifadhi ya jimbo ya Bayou Segnette iliyoko Westwego ng'ambo ya mto Mississippi, na hifadhi ya Fontainebleau karibu na Mandeville, ng'ambo ya ziwa Pontchartrain. Mume wangu anaipinga ile ya kwanza kwa sababu bei yake inazipita hizo nyingine kwa mbali. Gari dogo la kuvuta nyuma ya kampa, la kuzungukia mjini, hatuna.

Mzee wa Barabara
Dada, jambo zito katika maelezo yako ni hilo la kukosa gari dogo. Kampa ikishaunganishwa na umeme na maji, hakuna anayetamani kuing'oa kila asubuhi, na hata mkiing'oa, French Quarter si mahali pa kuipeleka, kwa kuwa mitaa yake ilipimwa mwaka 1721, ni myembamba, imejaa magari yaliyoegeshwa, na roshani za nyumba zimechomoza juu ya vichwa vya wapita njia. Kwa hiyo msilinganishe bei ya kulala peke yake. Jumlisheni na teksi za kwenda na kurudi kwa watu sita, ambao hawaenei katika gari moja la kawaida, ndipo mtakapoona ni kiasi gani cha ile tofauti kinachobaki. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka minne na bibi yake watachoka saa nane mchana, na anayelala mjini anaweza kuwarudisha kwenye kiyoyozi, wakapumzika, kisha wakatoka tena jioni muziki unapoanza. Nafasi hiyo ya kurudi ndiyo mnayoilipia. Msitarajie miti wala utulivu.

Binti Mvita
Shikamoo Mzee. Hesabu yako ya teksi ninaikubali, ila umeipita Bayou Segnette haraka mno. Kuna umeme na maji, watoto wana uwanja wa kukimbia, na mwendo mfupi kutoka hapo, huko Marrero, iko Barataria Preserve, ambayo ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jean Lafitte. Kuingia ni bure, na njia zake za mbao zilizo tambarare hukatiza katikati ya kinamasi ambako mamba huonekana wakiota jua, jambo ambalo hata mwenye mkongojo analimudu. Kwenda mjini, sisi tulichukua teksi hadi Algiers Point na kuvuka kwa feri ya abiria hadi mwisho wa Canal Street. Watoto wetu, ambao Likoni wanaijua kwa kusimuliwa tu, hawakutaka kushuka. Angalieni saa ya feri ya mwisho, kwa maana haivushi usiku kucha.

Kahawa Tungu
Fontainebleau ni pazuri: kuna ufuo wa ziwa, magofu ya kiwanda cha sukari cha mwaka 1829, na njia ya baiskeli ya Tammany Trace. Hata hivyo, kati yenu na mji kuna daraja la Causeway lenye urefu wa kilomita 38, ambalo hutozwa ada mnapoelekea mjini, na upepo ukizidi magari marefu kwenda juu huzuiwa. Kwa anayeutaka mji, hapafai.

Mama Watatu
Ninawashukuru. Tukilala mjini, je, mama ataweza kupanda tramu?

Mkaazi wa Mid-City
Inategemea ni tramu ipi. Zile za kijani za St. Charles, ambayo ni njia iliyoanza mwaka 1835, ndizo zinazopigwa picha na kila mgeni, lakini zina ngazi, hazina lifti ya kiti cha magurudumu wala kiyoyozi. Tramu nyekundu za Canal Street zina vyote viwili. Pandeni ile yenye maandishi ya City Park, itawafikisha kwenye bustani kubwa ambamo mna jumba la makumbusho la watoto lililohamia hapo mwaka 2019, bustani ya sanamu isiyo na kiingilio, na tawi la Café du Monde, ambako mtakula maandazi ya beignet bila foleni ya French Quarter. Preservation Hall, ukumbi wa muziki wa jazi, hupokea watoto, ila viti ni vichache. Mwombeeni mama nafasi mapema. Royal Street ni ya mchana, na Bourbon Street, mtaa wa baa, baada ya magharibi waachieni wengine. Msisahau kupita Congo Square, mahali ambapo watu waliokuwa watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Kuhusu chakula, maharage mekundu kwa wali, ambayo ni desturi ya Jumatatu, yatawafanya wote wajione nyumbani, lakini kama hamli nguruwe ulizeni kwanza, kwa sababu hayo na gumbo, mchuzi mzito wa huko, mara nyingi hutiwa soseji ya nguruwe.

Mama Watatu
Basi tumeafikiana na baba watoto: siku mbili mjini na moja Bayou Segnette. Tuanze na ipi?

Mzee wa Barabara
Anzeni na Bayou Segnette. Mkitoka Houston kwa barabara kuu ya I-10, shikeni I-310 kabla ya kuingia mjini, vukeni mto, kisha fuateni US-90 upande wa mashariki hadi Westwego. Kesho yake mtaingia mjini, na siku ya kuondoka I-10 ya kwenda Florida itakuwa mlangoni penu. Wekeni nafasi sasa, maana Machi ni likizo ya shule.