Yule wa kompyuta ya ukumbini kanigeuza mfuga kuku leo

#1 (mleta mada)
Wakuu, naandika nikiwa kwenye ngazi za nje ya ukumbi, mkono unatetemeka. Nimesusa hadi msosi wa semina, na leo kulikuwa na pilau.

Yule jamaa mnamjua, msijifanye. Kama umewahi kuhudhuria semina Dodoma hii, kakushikia kompyuta. Yule wa funguo shingoni, anayepokea flashi kama umemkabidhi nyoka.

Wiki mbili nimetengeneza slaidi. Ya kwanza ina maneno matatu tu, makubwa, fonti nyembamba niliyoipakua usiku: KUKUZA, chini ZABIBU, chini DODOMA. Kwenye laptop yangu ilipendeza mpaka wife akauliza nimemlipa nani.

Nikamwomba, kaka, nichomeke laptop yangu. Hataki. Mashine yake haina fonti yangu, ikajiwekea ya kwake, pana kama mlango wa ghala. Neno likashindwa kuenea kwenye boksi, likakatika. Ukuta mzima, bosi wangu kakaa mbele:

KUKU
ZA
ZABIBU
DODOMA

KUKU ZA ZABIBU, jamani! Mzee mmoja, mkulima kabisa wa Hombolo, akanyoosha mkono kuuliza hao kuku wanakula zabibu au majani yake.

Yule badala ya kunisitiri akachukua maiki. MAIKI. "Samahanini, hii kazi ya mtu aliyejifunzia kompyuta steshenari." Angeninong'oneza angepungukiwa nini? Alama zangu za tiki zimegeuka viboksi vitupu, hilo wala sisemi. Maiki, wakuu.

#2
Kuku za zabibu 😂😂😂 nimecheka ofisi nzima imegeuka

#3
Kosa lako mkuu. PowerPoint haibebi fonti, inabeba jina lake tu. Mashine isipoikuta inaokoteza nyingine. Ungeenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi, ukaweka tiki pale pa kupachika fonti ndani ya faili. Au PDF, kazi kwisha.

#4 (mleta mada)
Nilipachika! Ikagoma, kumbe leseni ya ile fonti hairuhusu. PDF nayo nilikuwa nayo, akaikataa, eti "hapa haturushi vitabu ukutani". Kwenye maiki hiyo hiyo!

#5
Arial ilikukosea nini? Watu wazima tunatumia Arial.

#6
Bora wewe. Mimi Office yangu mpya inaanza na fonti ya Aptos, mashine za ofisini zote zina Office ya 2016, haina hiyo. Kila ninachotuma kinafika kimevaa nguo za kuazima.

#7
Mnalilia fonti, sisi wa Mtumba jioni tunagombania daladala kama mpira wa kona. Vumbi mpaka kwenye meno.

#8
Vumbi gani la Mtumba wewe, njoo huku Nala ndiyo utajua upepo.

#9
Bila picha ya slaidi hii ni chai.

#10
Tuachane na hayo. Kuku wa kienyeji Majengo siku hizi anaendaje?

#11
Jogoo au tetea?

#12 (mleta mada)
Wakuu, mbele ya bosi lakini. Kwenye maiki.

#13
Tetea. Wawili, wa Jumapili.