Dapagliflozini: mkojo una sukari 3+, kreatinini imepanda. Tuache?

Mlezi_Umoja
Habari za jioni wenzangu. Mzee wetu ana miaka 61, ana sukari na presha. Anameza metformini 500 mara mbili kwa siku na enalaprili 10 ya presha. Kliniki wakamwongezea dapagliflozini 10 mg kila asubuhi. Wiki ya tatu sasa: mkojo una sukari 3+, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) imetoka 118 ikafika 131. Sukari ya kidole asubuhi ni 7.4. Jirani anasema dawa hii inaua figo. Tuache?

Mfamasia_Ngara
Msiache. Hiyo 3+ ndiyo dawa kazini: inaziba njia ambayo figo hurudishia sukari kwenye damu, basi inatoka na mkojo. Itakuwa hivyo kila siku, kwa hiyo kijiti cha mkojo hakimfai tena kufuatilia sukari. Bakini na kidole.

118 hadi 131 ni kama asilimia 11. Dawa hupunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo, kwa hiyo mwanzoni kreatinini hupanda kidogo, kisha hutulia. Ikivuka asilimia 30 ndipo mtafute sababu. Anaharisha? Amenunua diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa kemisti? Diklofenaki juu ya enalaprili huumiza figo, halafu lawama inaangukia dawa mpya. Jaribio la DAPA-CKD, 2020, lilionyesha figo za waliomeza dapagliflozini zinachelewa kuharibika, hata kwa wasio na sukari.

NesiWaFigo
Hatari iko kwingine. Siku anayotapika, anaharisha au hawezi kula, asiimeze. Kufunga kavu siku tatu kanisani, au kuacha ugali ghafla, hapana! Mwili ukikosa wanga huchoma mafuta, ketoni (mabaki ya mafuta hayo) hujaa, damu inakuwa na asidi, na glukomita inaweza kusoma 9 tu. Hapo ndipo mgonjwa huambiwa ni vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Kichefuchefu, tumbo kuuma, kuhema haraka kwa kina: pimeni ketoni za damu. Zikifika 1.5, hospitali usiku huohuo, na mtaje dawa hii mlangoni. Akipangiwa upasuaji, anaacha siku 3 kabla.

Ajisafishe kwa maji akishakojoa. Muwasho chini ya govi mara nyingi ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli huimaliza.

Mlezi_Umoja
Diklofenaki anayo, ya goti. Jioni moja moja.

Mfamasia_Ngara
Iondoke leo, apewe parasetamoli. Rudieni kreatinini na potasiamu baada ya wiki mbili. Siku hiyo bebeni mkojo wa kwanza wa asubuhi, muombe kipimo cha albumini (protini inayovuja figo zikiumia) kwa kreatinini. Kawaida ni chini ya 3 mg/mmol.