Picha ya Ki & Ka: mwanamume kushika ufagio ni mageuzi au maonyesho?

Wa Mkomani, Lamu: Tangu juzi barazani kwetu hatuzungumzi jingine ila Ki & Ka, ile picha ya Kihindi ya R. Balki ya mwaka 2016. Kareena Kapoor ndiye Kia, aenda kazini. Arjun Kapoor ndiye Kabir, abaki nyumbani akipika na kufagia. Jina lenyewe ni vijineno vya Kihindi vya umilikaji, kimoja cha kike, kimoja cha kiume. (Kwetu "yeye" ni yeye tu.) Wahakiki wengi walilisifu wazo, wakalalamika kuwa nusu ya pili imelegea. Nakubaliana nao, lakini kilichoniuma ni kingine. Kabir ni mtoto wa tajiri. Jiko likimchosha, ana pa kurudi. Kisha apata umaarufu kwa kazi zile zile ambazo mama zetu huzianza alfajiri na hakuna awapigiaye makofi. Kia akiona wivu, lawama zamwangukia yeye.

Wa Langoni, Lamu: Ndugu yangu, umesahau uliko. Hapa baba alikuwa akimjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia. Biriani ya harusi husimamiwa na nani? Jahazini nani hupika? Wanaume. Haya si mageni ya kuletewa na Wahindi.

Wa Malindi: Kaka wa Langoni, mpishi wa harusi hulipwa. Tunazungumzia jiko la kila siku. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akamfunza namna ya kumtunza mume. Wana wa kiume walitungiwa upi?

Mume wangu ni mvuvi. Msimu wa kusi bahari huchafuka, siku nyingi hashuki pwani, na mahamri yangu ndiyo yanayotulisha. Yeye huogesha watoto, hufua, hupika wali. Mwaka wa kwanza alikuwa akifunga mlango wa ua ndipo afue, wapita njia wasimwone. Siku hizi huanika nguo mchana kweupe. Hakuna aliyemtangaza, na picha ya mtu kama huyo ndiyo ningeikalia hadi mwisho.

Wa Mkomani, Lamu: Dada, na kaskazi ikirudi, akishuka tena baharini, ufagio hurudi kwa nani?

Wa Malindi: Kwangu. Na mahamri siachi kuyauza. Hilo twazozania hadi leo.