Nimemaliza mafunzo ya pikipiki, naogopa barabara. Nianzeje?

Tairi Jipya: Wakuu, habari zenu. Mafunzo ya usalama nimemaliza na leseni ninayo. Uwanjani nilikuwa vizuri: kuzunguka koni, breki ya ghafla, kubadili gia. Lakini uwanjani hakuna lori nyuma yako. Kinachoninyima usingizi ni kusimama mlimani, taa ziwake kijani halafu injini izime huku foleni inapiga honi. Marafiki wanataka Jumapili niungane nao kwenye msafara wa mbali, tena nimpakie mdogo wangu. Niende?

Mzee wa Gia: Hongera sana mwanangu. Msafara uache kwanza, na mdogo wako abaki nyumbani. Ukipakia mtu uzito unahamia nyuma, kusimama kunataka umbali mrefu zaidi, hata kona inakuwa ngeni. Na kwenye kundi utajikuta unafuata mwendo wao badala ya wako. Toka asubuhi siku isiyo na pilika, njia unayoijua, nusu saa inatosha.

Mlimani shikilia breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukanyage chini. Achia klachi polepole mpaka usikie injini inaanza kuvuta na mlio unashuka kidogo. Hapo ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Haitarudi nyuma. Ikizima, kamata klachi, washa, anza tena. Wanaopiga honi watasubiri.

Dada Indiketa: Mimi nasisitiza makutano. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, waliochunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles. Katika zile zilizohusisha gari lingine, karibu theluthi mbili ni dereva wa gari aliyeingilia njia ya pikipiki, na wengi walisema hawakumwona. Kwa hiyo hata dereva akikutazama usoni, usihesabu kwamba amekuona. Tazama gurudumu lake la mbele. Likianza kuzunguka, vidole vyako viwe tayari kwenye breki.

Kijana wa Kona: Si atoke usiku tu, magari machache?

Mzee wa Gia: Hapana ndugu yangu. Usiku shimo, mchanga na mafuta yaliyomwagika huvioni mpaka umeshavifikia. Mvua ikianza nayo, asubiri: dakika za mwanzo ndizo mbaya, maji yanapochanganyika na mafuta na vumbi la barabarani.

Tairi Jipya: Shikamoo mzee wangu, nashukuru. Dada Indiketa, mwalimu alisema nitegemee breki ya mbele, lakini mtaani wananiambia inarusha mtu. Nimsikilize nani?

Dada Indiketa: Mwalimu wako. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, tairi la mbele linashika barabara zaidi, la nyuma linakuwa jepesi. Kinachoangusha watu ni kuikamata kwa pupa, au kuikamata usukani ukiwa umepinda. Ikamue kama unavyokamua chungwa, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, na ya nyuma isaidie. Ukigeuka kwa mwendo mdogo sana, tumia ya nyuma peke yake. Kumbuka pia kwamba mwendo ukitoka 30 kwenda 60, umbali wa breki unakuwa mara nne.

Kofia nayo ifungwe mkanda kidevuni, hata kwa safari fupi. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba kofia inapunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa 69. Isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tairi Jipya: Nimeelewa. Msafara nimeukataa, mdogo wangu amenuna lakini atapoa. Je, nitoke peke yangu kabisa?

Mzee wa Gia: Ukimpata mzoefu mmoja mtulivu, akae nyuma yako. Asikutangulie, maana utamfuata bila kutazama barabara. Kabla ya kuondoka kagueni upepo wa tairi, mnyororo, taa ya breki na indiketa, na mkubaliane mahali pa kusimama mpumzike.