MJADALA: Gemu umeilipia kwa pesa yako, nani ana haki ya kuizima?

Habari zenu ndugu zangu wa Kampala, Arua, Busia, Kasese, na nyie mlioko Nakivale pia. Leo naomba tujadili hii kitu bila matusi, maana kila nikiigusa mtu anakimbilia kusema hayo ni mambo ya watoto. Swali ni hili: ukitoa pesa yako ukanunua gemu, kampuni iliyokuuzia iruhusiwe kuizima siku inayotaka, wewe ubaki unakodolea macho menyu isiyofunguka? Mimi nasema hapana, iwe marufuku kisheria, na nasema sisi wa Uganda tunatakiwa kupiga kelele kuliko hata hao Wazungu walioanza, kwa sababu sisi kuzimiwa tumeshakuonja.

Kwa ambaye hajafuatilia. Ubisoft ya Ufaransa ilikuwa na gemu ya magari inaitwa The Crew, ilitoka 2014. Gemu ile ilitaka seva muda wote, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha kupitia intaneti, hata ukiwa unaendesha peke yako bila mtu mwingine, basi 31 Machi 2024 wakazima seva na kila aliyeinunua akabaki mikono mitupu, mwenye diski na asiye na diski wote sawa. Hapo ndipo Ross Scott, huyo jamaa wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilifungwa 31 Julai 2025 likiwa limepita sahihi milioni moja, ambacho ndicho kiwango cha kuilazimisha Kamisheni ya Ulaya kulijibu, na Novemba mwaka huohuo wabunge wa Uingereza nao wakakaa kuijadili hoja hiyohiyo. Na watu waelewe vizuri wanachoomba, hawasemi seva ziwake milele kwa gharama ya kampuni, wanasema ukiamua kuondoka ondoka, lakini uache gemu katika hali ya kuchezeka. Ndiyo hiyo tu.

Sasa kwa nini nasema inatuhusu sisi. Jioni ya 13 Januari 2021, kesho yake tunaenda kupiga kura, intaneti ya nchi nzima ikakatwa. Ilirudi tarehe 18, mitandao ya kijamii ikachelewa hadi Februari, na Facebook ikaendelea kufungwa miaka na miaka watu wanaingia kwa VPN. Na haikuwa mara ya kwanza, 2016 walifunga mitandao siku ya kura mwezi wa Februari pamoja na mobaili mani, halafu wakafunga tena Mei wakati wa kuapishwa rais. Zile siku za Januari 2021 hapa mtaani kwetu Arua waliokuwa na PlayStation za zamani, PS2 na PS3, na diski zao waliendelea na maisha, PES, FIFA, San Andreas, kila kitu kilifanya kazi kama jana yake. Aliyekuwa na gemu za kuingia kwa akaunti alikuwa ameshika kioo. Banange, gemu imelipiwa, simu ina chaji, mwenyewe yupo, na haifunguki kwa sababu mtu mmoja ofisini ametoa amri ambayo haina uhusiano wowote na gemu.

Ndiyo maana nasema gemu inayodai seva kila dakika ina swichi mbili, moja iko kwa kampuni na nyingine iko kwa gavumenti, na wewe uliyelipa huna hata moja. Mzungu wa Berlin analia na swichi ya kwanza tu. Sisi tunazo zote mbili na bado tunaambiana eti mambo ya watoto.

Tena kuna hata swichi ya tatu ambayo watu hawaizungumzii, kutokuwepo kwenye ramani yao. Mnakumbuka Helldivers 2, gemu ya Sony, Mei 2024? Watu walikuwa wameshanunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanacheza vizuri miezi, halafu Sony wakasema sasa kila mtu lazima afungue akaunti ya PSN, mtandao wao wa PlayStation. PSN haipo rasmi kwenye nchi zaidi ya 170, Uganda tumo humo, kwa Afrika kusini ya Sahara wanaihesabu Afrika Kusini basi. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zote hizo. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache kuhusu ile akaunti, lakini sisi wa nchi zisizo na PSN tukaendelea kufungiwa kununua kwa muda mrefu. Pesa yetu ilikuwa nzuri mwezi wa pili, mwezi wa tano haina thamani. Na kijana wa hapa ambaye siku zote anadanganya kwamba anaishi Marekani ili afungue akaunti, yeye hana hata pa kulalamika, maana kwenye vitabu vyao hayupo.

Ongeza na bei ya data. Julai 2018 walituletea OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku kugusa WhatsApp, Julai 2021 wakaiondoa wakaweka asilimia 12 juu ya data yenyewe na VAT ya 18 ipo palepale. Kwa hiyo gemu ya kushusha GB 50 na zaidi, halafu apdeti kila wiki, halafu iwe lazima uwe onlaini hata kwenye sehemu ya mchezaji mmoja, hiyo maana yake unainunua kila unapoiwasha. Mtu anayetengeneza gemu akiwa California hafikirii kabisa kwamba kuna mahali mtu anahesabu MB.

Naona wengine mmeshaanza kujibu, wacha niwajibu mmoja mmoja.

Kuna aliyesema hospitali hazina dawa na wewe unaleta magemu. Ndugu yangu, dawa nazitaka kama wewe. Lakini kanuni hii haiishii kwenye gemu. Leo ni gemu, kesho ni programu ya mahesabu ya duka lako, ni trakta, ni mita ya sola ambayo kampuni inaizima kutoka mbali ukichelewa kulipa. Tukikubali kwenye gemu kwamba kununua ni kukopeshwa tu mpaka mwenye mali abadilishe mawazo, kwenye trakta tutasema nini?

Kuna aliyesema watengenezaji wadogo watakufa kwa sheria kama hiyo, na kwamba hata chama cha makampuni ya Ulaya, Video Games Europe, wamesema itafanya gemu za onlaini ziwe ghali mno kutengeneza na kwamba seva za watu binafsi hazina ulinzi wa data. Hoja hii naiheshimu, ndiyo hoja yao nzito. Lakini angalieni wanavyofanya wakibanwa. Sony walipoitoa Concord Agosti 2024 ikakosa wachezaji, waliizima baada ya wiki mbili na wakarudisha pesa za watu. Ubisoft haohao wa The Crew, baada ya kelele, waliahidi Septemba 2024 kwamba The Crew 2 itapata njia ya kuchezwa oflaini, na 2025 wakaileta. Kwa hiyo inawezekana. Kilichokosekana kwa The Crew ya kwanza siyo uwezo, ni mtu wa kuwalazimisha. Na mtengenezaji mdogo wa kwetu ndiye wa mwisho kuumia hapa, kijana anayetengeneza gemu yake Ntinda au Gulu hana hela ya kuendesha seva miaka kumi, gemu yake ni oflaini tangu siku ya kwanza.

Na kwa kuwa mmetaja watengenezaji wa kwetu, hapa nataka mnisikilize vizuri. Lual Mayen mnamjua? Mzaliwa wa Sudan Kusini, wazazi wakikimbia vita, akakulia kambi ya wakimbizi huku kwetu kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia kompyuta, na kijana alikuwa anatembea masaa matatu kufika mahali pa kuichaji. Gemu iliyomfungua macho ni GTA Vice City. Akajifunza mwenyewe kutengeneza, akatoa Salaam, gemu kuhusu mkimbizi anayekimbia kutafuta amani, leo anajulikana dunia nzima na ana kampuni yake, Junub Games. Sasa jiulizeni, Vice City ile ingekuwa ya siku hizi, inataka akaunti, inataka seva, inataka apdeti ya GB kumi kabla ya kufunguka, pale kambini ingewaka? Isingewaka. Tungekuwa na kijana mwenye kompyuta isiyo na kitu cha kumfundisha. Mimi hii ndiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu huku West Nile kambi bado zimejaa vijana kama yeye, na gemu zinazotoka sasa zinawafungia mlango ambao yeye aliukuta wazi.

Kuna wa tatu, huyu kasema sisi wote tunacheza za kukreki, yaani nakala zilizovunjwa kufuli, hatununui, kwa hiyo hatuna haki ya kudai. Kwanza siyo wote, watu wananunua, wananunua sarafu za eFootball kwa mobaili mani kila siku. Pili, hao wanaokreki ndio waliohifadhi gemu nyingi ambazo makampuni yameshazitupa. Mwaka 2023 EA walipoachana na jina la FIFA waliziondoa FIFA za nyuma kwenye maduka yao ya mtandaoni, leo ukitaka kuinunua kihalali kwa njia hiyo unainunua wapi? Mwenye diski ya zamani ndiye aliyebaki nayo. Sitetei wizi, mtengenezaji alipwe jasho lake. Nasema tu sheria ikimfanya mnunuzi awe na uhakika mdogo kuliko aliyekreki, hiyo sheria inawafundisha watu kukreki.

Halafu huyu wa nne ndiye aliyenigusa pabaya, na nashukuru ameuliza. Anasema: gavumenti inayozima intaneti siku ya uchaguzi ndiyo unataka ikulinde na Ubisoft? Utawapa mlango mwingine wa kuingia.

Nimeifikiria sana hii. Ni kweli sheria za mtandao kwetu zimekuja kama fimbo. Ile Computer Misuse, sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, iliongezewa meno Oktoba 2022, watu wamekamatwa kwa maneno ya TikTok. Lakini kumbukeni pia Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo, kile kilichokuwa kinawabana watu kwa kusumbua wengine mtandaoni. Na Afrika Magharibi, Mahakama ya ECOWAS Juni 2020 iliiambia Togo kwamba kukata intaneti 2017 kulivunja haki za watu. Kwa hiyo tusiseme sheria yote ni adui, tuangalie inampa nani nguvu. Sheria ninayoitaka haimpi waziri wala UCC, tume ya mawasiliano, kitufe chochote kipya. Inafanya kinyume, inaondoa kitufe. Inasema kitu kilichouzwa kifanye kazi bila kuomba ruhusa kwa mtu, na kitu kisichoomba ruhusa hata gavumenti haiwezi kukizima. Anayeogopa dola kuingilia, hii ndiyo angeipenda kuliko wote.

Na msiniambie eti Uganda ni ndogo, nani atatusikia. Tangu Julai 2023 tuna kodi ya asilimia 5 kwa makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali hapa. Kama URA, mamlaka yetu ya mapato, inaweza kuwafikia kuchukua asilimia 5, basi na haki ya mnunuzi iwafikie kwa njia hiyohiyo. Ikipelekwa Arusha kwenye bunge la Afrika Mashariki tunakuwa soko kubwa, Kenya, Tanzania, Kongo ndani. California wao wameanza kidogo, tangu 1 Januari 2025 muuzaji lazima akuambie wazi kwamba unachopata ni leseni tu. Mimi hiyo naiona haitoshi, kuambiwa kwamba utaibiwa hakuzuii kuibiwa, ila inaonyesha kwamba sheria inaweza kuandikwa na makampuni hayajahama California.

Kwa hiyo ninachopendekeza kiandikwe ni hiki: sehemu ya mchezaji mmoja ifunguke bila intaneti baada ya kuiweka mara ya kwanza, kampuni ikizima seva itoe apdeti ya mwisho ya kuwezesha kucheza oflaini au kwa seva za watu wenyewe, ikishindwa irudishe pesa, na ihusu gemu zinazouzwa baada ya sheria kupita, zile za nyuma tusizibebeshe mzigo ambao watengenezaji wake hawakuujua. Na pasiwe na usajili wa wachezaji, pasiwe na leseni ya kuingiza gemu, pasiwe na namba ya kitambulisho cha taifa popote humo, akitokea mbunge akachomeka hata kimoja kati ya hivyo vitatu mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Mnaopinga, hasa wewe wa nne na yule wa watengenezaji wadogo, niambieni ni kipengele kipi hapo kinachowaumiza na kwa nini, tuendelee kutoka hapo.